Paa Nililoweka Juu ya Nyumba ya Binti Yangu

Hapa Eldoret ukiona nyumba imekaa juu sawasawa kama meza, haina mwinuko, haina mabati, unajua pesa ya mwenyewe iliisha njiani. Amemwaga simiti ya juu, vyuma vimebaki vikitazama mbinguni, na yeye amerudi kulima mahindi akingoja mwaka mzuri. Hatumcheki. Tunapita tunasema, atamaliza tu, Mungu akipenda. Mvua yetu hainyeshi kwa adabu, inashuka na mawe ndani yake, na nyumba isiyo na mteremko ni karai tu la kutegea maji. Hiyo ndiyo akili niliyokuwa nayo siku binti yangu aliponiletea nyumba yake ya doli. Kama ningekuwa na akili nyingine, labda leo angekuwa anakuja nyumbani.

Haji. Nasema mapema ili mtu asisome akingoja gari lake liingie kwa geti.

Mimi ni fundi wa mbao, ama nilikuwa, kabla macho hayajaanza kunionyesha mistari miwili mahali nimechora mmoja. Shule niliacha darasa la tatu. Mwalimu alinichapa kwa kuchonga dawati na kisu, nikaona kama ni kuchonga basi afadhali nichonge nilipwe. Nimetengeneza vitanda, makabati, viti vya kanisa, na majeneza mengi kuliko ninavyotaka kukumbuka. Moja lilikuwa la mke wangu. Lile nililipiga msasa siku mbili, mpaka ndugu zangu wakaninyang'anya wakisema inatosha, hili linaenda chini. Nimelitaja tu kwa sababu binti yangu alikuwa amesimama mlangoni akiniangalia, na mimi nilidhani ameona jinsi ninavyojua kupenda. Sisi wengine tunapenda kwa mikono. Mdomo haukufundishwa.

Binti huyo ni kitinda mimba. Kazi yake ni kuchora nyumba. Watu wenye pesa huko Nairobi wanamwambia wanataka nini, anachora, wengine wanajenga. Ana miaka arobaini kasoro kidogo. Hakuolewa, hakuzaa. Sikuwahi kumuuliza kwa nini, na nilikuwa najisifu kwa hilo, kwamba mimi si kama wazee wengine wanaosumbua watoto wao. Kumbe mtu anaweza kunyamaza na bado anauliza.

Alikuja kwangu hapa Kapsoya siku moja mchana amebeba sanduku kwa mikono miwili, polepole, kama mtu aliyebeba sufuria ya uji wa moto. Nikataka kumpokea akakataa. Alilifungua mezani, akatoa sponji, akatoa makaratasi, na ndani yake kukatoka nyumba. Ndogo, urefu wake kama wa jogoo aliyesimama. Nyeupe. Kuta nyingine za kioo, ama nilidhani ni kioo, kumbe ni plastiki ngumu. Upande mmoja uko wazi kabisa. Ngazi haina pa kushikilia. Kuna dimbwi la maji ya buluu mbele ya sebule. Viti vilikuwa vya kunishangaza, kimoja kina mguu mmoja katikati kama uyoga, na nilipokigeuza sikuona msumari wala gundi. Nilimheshimu aliyekifanya. Na watu wawili wa mbao, warefu, hawana uso.

"Hii ni ya mtoto?" nikauliza. Nilikuwa namaanisha mjukuu, msichana wa miaka sita ninayekaa naye. Ni mtoto wa kijana wangu. Baba yake anaendesha lori la mahindi, leo ako Turbo, kesho ako mpakani, na mama yake anafanya kazi mbali.

"Ni yangu, Baba."

"Yako ya nini?"

"Ya kuangalia."

"Ya kuangalia."

"Wewe si huwa unasimama kwa ua ya watu jioni ukiangalia ng'ombe yao? Hukamui. Unaangalia tu."

Nikacheka, maana ni kweli. Halafu akaniambia bei yake, ilivyotoka ng'ambo na kodi ya kuiingiza, nikaweka kikombe chini. Ilikuwa bei ya ng'ombe wawili wa gredi, wale wa kizungu, tena wanaokamuliwa.

"Na kwa hiyo bei hawakuweka mlango?"

"Mlango ni huu ukuta, Baba. Unateleza hivi."

"Jikoni je?"

"Ni ndani, hapa."

"Moshi utatokea wapi?"

"Hawa watu hawapiki na kuni."

"Hawana hata mdomo. Watapika wakule na nini?"

Alicheka mpaka akashika meza. Siku hiyo tulikuwa sawa, mimi na yeye. Akaniambia mahali alipohamia ni padogo na pamejaa mafundi, nimwekee miezi mitatu tu. Akasema tusiiguse, hata vumbi tusipanguse, atakuja kupanguza mwenyewe. Mjukuu alikuwa ameweka kidevu mezani, pua karibu na lile dimbwi. Akauliza, "Senge, tutaichezea lini?" Senge ni shangazi, dada ya baba. Senge wake akamshika kichwa, akasema, "Hii si ya kucheza, mama. Nitakuletea yako."

Mimi sikuelewa, na sitadanganya kwamba nilielewa. Kwangu kitu cha mtoto kinapimwa kwa kuanguka. Binti huyu huyu akiwa mdogo alibeba gunzi la mahindi mgongoni, nywele zake zile nyuzi za mahindi mabichi, likianguka kwa matope anaokota anapiga busu. Gunzi likivunjika, shamba liko na mengine elfu. Sasa mtu mzima ananunua doli lisilofaa kuanguka, na mtoto aliye na mikono haruhusiwi kuligusa. Niliona dunia imeshikwa kichwa chini. Lakini nilikuwa nimeambiwa, na nikasikia. Nikafunika ile nyumba na kitambaa cha sofa ambacho mke wangu alishona kwa mkono, kile chenye maua ya manjano, na kwa mwezi mzima hakuna aliyeigusa.

Sasa kuna ile ibada ya nyumba kwa nyumba. Wamama wa kanisa wanakutana Alhamisi mchana, leo kwa huyu, wiki ijayo kwa yule, wanaimba, wanasoma neno, wanaombea mwenye nyumba shida zake, wanakunywa chai. Zamu yangu ilifika. Mzee mjane hawezi kukataa, watasema ameficha kitu. Walikuja kama kumi na wawili. Mmoja alitaka mahali pa kuweka Biblia, akainua kitambaa.

"Ee! Mzee, hii ni ya mjukuu?"

Hapo ningesema ndiyo. Neno moja tu. Lakini mimi ni mtu wa kujigamba, nikataka wajue imetoka ng'ambo. Nikasema, "Ni ya binti yangu. Yule wa Nairobi."

Wakaangaliana. Kuangaliana kwa wamama kumi na wawili si kitu kidogo. Halafu mama mmoja mzee, jirani yangu wa nyumba ya pili, mwenye kuuza mboga, akavuta pumzi, akasema, "Maskini. Mtu akikosa wa kubeba, atabeba hata nyumba ya plastiki."

Mwingine akacheka kidogo akajifunika mdomo. Na yule kiongozi wao akasema si mambo ya kucheka, tusimame. Wakasimama. Wakainyooshea ile nyumba mikono, wote, kama wanavyofanya kwa mgonjwa. Wakamwomba Mungu afungue tumbo la mwenye hii nyumba, atoe aibu kwa mzee wake, amtie mtoto ndani kama alivyomtia yule Hana wa Biblia. Waliomba kwa machozi, siwezi kusema walikuwa na ubaya. Mjukuu alikuwa kwa mlango wa jikoni na bakuli la mandazi. Na mimi nilisimama katikati yao nimeinamisha kichwa.

Walipoondoka sikuweza kuiangalia. Nilikuwa nimeona aibu, na nataka niseme ukweli ilikuwa aibu ya nani. Haikuwa yake. Yeye hakuwa pale. Ilikuwa yangu. Nikafikiria, hii kitu ikiwa ya mtoto, itakuwa kitu cha kawaida. Mtoto ana nyumba ya doli, nani atashangaa? Nani atainyooshea mikono? Na ikiwa ya mtoto, basi lazima imalizwe, maana siwezi kumpa mtoto wa damu yangu nyumba isiyo na paa.

Asubuhi nikatoa vyombo.

Na Mungu anisamehe, zilikuwa siku tatu nzuri kuliko zote nilizopata tangu mke wangu afe. Nilikata mkebe wa mafuta ya kupikia, nikaunyoosha, nikaukunja juu ya msumari mara nyingi mpaka ukawa na mawimbi kama mabati kabisa. Nikachonga mbao nyembamba za saipresi za kupandisha paa. Mrija wa soda nikaupasua ukawa gata ya kupitisha maji ya paa, chupa ya dawa yangu ya presha ikawa tangi. Mjukuu, anayeniita Kugo, yaani babu, alikaa mkono wa kulia akinipa amri.

"Kugo, ng'ombe yao italala wapi?"

"Hawana ng'ombe, hawa ni watu wa mjini."

"Sisi pia ni wa mjini na tuko na ng'ombe."

"Tuko na kuku."

"Basi waweke kuku."

Nikaweka kuku. Nikaweka jikoni ya nje, na mlango wenye bawaba ya ngozi. Lile dimbwi tulikubaliana ni la kunyweshea ng'ombe watakaokuja baadaye. Mjukuu akachukua wale watu wawili akawachora macho na kalamu, mmoja akamchora meno yote nje. Ilibaki kushikisha paa na nyumba. Nikatoboa matundu manne kwa drili ya mkono. La nne lilisema ta. Nikaona mstari unashuka kwa ile plastiki, kutoka kona ya juu mpaka chini, polepole, kama mtu anayetembea. Nikapaka gundi. Kwa mbao gundi yangu hukauka ikapotea. Hapo ilibaki nyeupe kama kamasi. Nikajiambia haionekani.

Jirani wa mboga akapita, akasema, "Sasa hii inakaa kama nyumba ya mtu." Nikafurahi. Nilifurahi mpaka nikamwambia mjukuu, ambaye ndiye anajua mambo ya simu, apige picha atumie senge wake. Hapo ndipo mtu ajue sikuwa naficha. Nilidhani binti ataona nilivyomaliza nyumba yake. Baba fundi amemaliza kazi ya fundi wa ng'ambo.

Hakujibu. Jumamosi yake akaingia kwa geti bila kusema anakuja.

Alisimama mbele ya meza muda mrefu. Mwanzo alicheka, pumzi moja ya kicheko, alipoona lile tangi la dawa. Halafu akapitisha kidole kwa ule ufa, kutoka juu mpaka chini, na kicheko kikaisha.

"Baba. Nilikwambia ni yangu."

"Uliniambia."

"Nilikwambia msiiguse."

"Uliniambia, mama."

"Basi ni nini?"

Hapo ndipo nilifanya kitu kibaya kuliko kutoboa. Nikasema, "Mtoto alilia sana. Ningefanya nini?"

Mjukuu alikuwa chini, anamlisha yule mwenye meno. Akainua kichwa. "Mimi sikulia, Kugo."

"Nenda nje ucheze."

"Lakini sikulia. Ni wale wamama walilia. Wakaiombea."

Binti yangu akageuka polepole. Akachuchumaa mpaka wakalingana na mtoto. "Wakaiombea nini, mama?"

"Ipate mtoto."

Nilisikia kuku wa jirani. Nilisikia boda boda ikipanda barabara huko chini, ikabadilisha gia. Binti yangu alibaki amechuchumaa, mkono mmoja sakafuni. Aliposema, hakuniangalia, aliangalia ile nyumba.

"Unajua kwa nini niliinunua? Nikitoka kazini nilikuwa naketi naiangalia. Ni hivyo tu. Nyumba moja hapa duniani ambayo ndani yake hakuna mtu wa kuniuliza kitu. Ndiyo nikaileta kwako, Baba. Nilisema kwako itakuwa salama."

Nikaweka mkono juu ya lile paa.

"Na wewe ulikuwa hapa wakiomba?"

"Nilikuwa."

"Ulisema nini?"

Ningeweza kudanganya tena. Mtoto alikuwa ananiangalia.

"Nilisema amina."

Akaitikia kwa kichwa mara moja, kama mtu aliyepewa kipimo alichokuwa anakijua. Hakulia mbele yangu. Afadhali angelia.

Kwetu mzee hamwambii mtoto wake nisamehe. Sijui kama ni vizuri ama ni vibaya, mimi nilikuta hivyo. Baba yangu alinivunja jino nikiwa kijana kwa kosa ambalo halikuwa langu, na alipojua ukweli hakusema kitu, alichinja jogoo akanipa firigisi, ile inayoliwa na mwenye nyumba. Nikaila na yakaisha. Kuku akichinjwa, ukila, maneno yamezikwa. Kwa hivyo nilisema, "Ngoja kidogo, nishike kuku."

"Sitakaa, Baba."

"Ni dakika tu. Kuna yule mwekundu."

Nikatoka. Miguu yangu siyo ile ya zamani, na yule mwekundu ni mjanja. Alizunguka choo, akaingia chini ya mbao, akatoka kwa sukuma wiki. Nilianguka goti moja. Nilikuwa namkimbiza yule kuku nikijiambia nikimshika tu, nikimshika tu mambo yataisha. Nikamshika. Nikarudi nimemning'iniza miguu juu, nahema, na gari lilikuwa limeshageuka, liko getini. Alishusha kioo.

"Nyumba imebaki na mtoto," akasema. "Ameizoea. Usimnyang'anye."

"Mama, kuku nimeshika."

"Naona, Baba."

Na akaenda. Lile neno ambalo mdomo wangu haukufundishwa lilikuwa hapo hapo mbele ya meno, na mimi nilikuwa nimesimama na kuku.

Tangu siku hiyo anatuma pesa ya dawa kila mwanzo wa mwezi, na ujumbe wa maneno mawili, Baba nimetuma. Nikipiga simu anashika, ana heshima, anauliza presha, anauliza mvua. Nikianza kukohoa ili niseme lile jambo anasikia ninavyokohoa, anasema yuko kwa mkutano. Nilijaribu kung'oa lile paa nirudishe nyumba kama ilivyokuja. Matundu manne yakabaki yananiangalia, ufa ukaonekana zaidi. Nikalirudisha.

Watu wameniuliza, hasa wale wamama, kitu kama hicho cha bei hiyo kinamfaa mtoto ama mtu mzima. Mjukuu wangu anaichezea kila siku, kifaranga mmoja amelala kwa sebule yake, gata imeanguka. Inamfaa kabisa. Lakini ingemfaa hata sanduku la sabuni. Yeye hakuihitaji. Aliyeihitaji ni yule mkubwa, na mimi niliona ukubwa wake nikadhani hahitaji kitu. Hilo ndilo jibu langu, na wao hawalipendi, wanataka niseme ni pesa imepotea.

Juzi nilienda dukani. Mwenye duka ni mtu wa Garissa, alikuja hapa kijana, sasa ndevu zake ni nyeupe kama zangu. Akanipimia sukari akitabasamu.

"Mzee, furaha imeingia kwako. Msichana amekuja."

"Msichana gani?"

"Si huyo wako wa kuchora? Ako Kesses, kule karibu na chuo, anachorea shemeji yangu vyumba vya kukodisha wanafunzi. Siku nne sasa. Shemeji anasema analala hoteli huku mjini. Nikamwambia hapana, hoteli ya nini na baba yake ako hapa Kapsoya? Nikasema labda kwa Mzee wanapaka rangi."

Alikuwa ananiangalia kwa wema, ameshika ile sukari hewani. Kutoka mjini mpaka kwangu, ukipanda boda boda unafika kabla mazungumzo hayajaisha.

"Ndiyo," nikasema. "Tunapaka rangi."

"Niliwaambia! Rangi gani, Mzee? Mimi niko nayo hapa, ya maji na ya mafuta."

"Sijui," nikamwambia. "Yeye ndiye anachagua. Bado hajaniambia."